Marahaba ya Mawe Mapacha

Niliporudisha buti za mpira na koleo, mtunza stoo alinitazama kichwani akitafuta mvi. Hakuziona.

"Wewe ndiye mstaafu?" akauliza.

Nikamwambia kichwa bado ni kijana, kilichostaafu ni kifua. Moshi wa plastiki haungoji mtu afikishe miaka sitini. Daktari aliandika alichoandika, ofisi ikakubali, na sasa nina miaka arobaini na kitu, baiskeli, na siku nzima isiyo na mtu wa kuniuliza niko wapi. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua. Mchana natoka tu, napita zilipokuwa kazi zangu za zamani, nasimama, natazama, naendelea.

Ninyi mliobaki kitengo cha usafi mmeniomba niwaachie maneno. Mambo ya vyeo siyajui, maana sikuwa navyo. Nitasema namna nilivyoanza, aliyenifundisha, na kesi moja ambayo hadi leo sijui niiweke fungu gani.

Baada ya kidato cha nne sikutulia. Nilipakia mizigo stesheni ya Itigi, nikauza vitunguu Manyoni, nikakaa Kilimatinde kwa mjomba hadi mjomba akachoka. Nilipopata kibarua cha kuzoa taka mjini Singida nilidhani nitakaa mpaka mvua zikatike. Nikakaa mpaka kifua kikakatika.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Ntandu, mzoaji wa siku nyingi, mtu mrefu aliyefunga suruali kwa kamba ya katani. Alinipa fimbo yenye msumari mmoja nchani. "Hii ni ya kupekulia," akasema. "Mkono hauingii kwenye taka kabla ya fimbo." Kisha akanipeleka kwenye lundo nyuma ya soko, akasimama hatua chache kabla ya kulifikia, akakohoa na kusema kwa sauti, "Hodi hapa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Humu kuna mtu anajisaidia," akasema. "Kuna mgonjwa wa akili amelala. Kuna mbwa na watoto wake. Ukiingia bila kubisha utafukuzwa na mmoja wao."

"Na nikijibiwa, mzee?"

"Ukijibiwa na unayemwona, ingia. Ukijibiwa na usiyemwona, nenda ukanywe uji kwanza."

Basi nikajifunza kubisha hodi majalalani. Nikajifunza pia kwamba reki ya meno mapana ni bora kuliko koleo palipo na mifuko, kwamba tela la trekta lipakiwe vizito mbele, na kwamba upepo wa Singida ni mfanyakazi mwenzenu asiyelipwa, anayefanya kazi upande wa pili. Mnafagia hadi magharibi, asubuhi mnaikuta mifuko imerudi kwenye miiba, inapunga.

Jambo la mwisho lilinichukua muda zaidi. Mzee Ntandu alilisema hivi: "Taka haina mwenyewe." Mtu akiwa ameshika ndoo, ndoo ni yake na kilichomo ni chake. Kikigusa ardhi tu, hakuna binadamu anayekijua. Sheria ndogo zipo, tumezisoma, ni nzuri. Zinataka umkute mtu mkono bado uko kwenye ndoo. Ukimkuta dakika moja baadaye, amesimama pale anatazama ndege.

Tulijaribu vibao. Kibao cha bati, rangi nyeupe, maandishi mekundu: USITUPE TAKA HAPA. Kimoja tulikisimika upande wa Unyambwa, mahali wenyeji wanapopaita Mawe Mapacha. Ni mawe mawili makubwa yaliyosimama yakitazamana, na katikati yake kuna uwazi wa kupita gari dogo. Nyuma ya mawe ardhi inateremka hadi kwenye kisima cha kitongoji. Ziwa haliko mbali, lakini maji ya ziwa ni ya chumvi, hayanywewi wala hayapikiwi. Kisima kile ndicho kilichokuwa uhai wa watu wale na mifugo yao.

Upepo wenye mchanga ulikisugua kibao kuanzia pembeni. Tuliporudi baada ya misimu kadhaa tulikuta herufi tatu za kwanza zimefutika kabisa, na zilizobaki zinang'aa kama zimepakwa jana: TUPE TAKA HAPA.

Niliyekuwa naye siku hiyo alikuwa Shabani, mgambo wetu, pande la mtu, aliyelelewa na bibi yake na bado alikuwa akimwogopa hata baada ya bibi kufariki. Alikisoma kibao mara mbili.

"Tupe," akasema. "Sisi akina nani?"

"Ni upepo, Shabani."

"Najua ni upepo. Nauliza tu, tuwape akina nani?"

Na walikuwa wamepewa. Kati ya yale mawe kulikuwa na lundo la kawaida, mifuko, magunia, vibuyu vilivyopasuka, na juu yake mapipa ya bluu, mengine yamelala, mengine yamesimama wima kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Karatasi zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa kisu. Harufu ilikuwa ile ya josho, lakini kali zaidi, ya kukaa kooni. Ilikuwa dawa ya mifugo na mazao iliyopitwa na muda. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelamba pipa moja lililovuja. Tuliwakuta pale pale, macho wazi, na hapakuwa na nzi hata mmoja juu yao. Mimi nimezoa mizoga mingi. Mzoga usio na nzi ulinitia baridi.

Mtauliza kwa nini hatukuyapakia tukaondoka. Sumu haipakiwi kwenye tela lenye sakafu iliyooza. Inataka gari lake na wataalamu wake, na barua yetu ya kuwaomba ilikuwa imeshakwenda, ikaenda kweli, haikurudi. Huko nyuma ya mawe watu waliendelea kuchota maji. Mvua zilikuwa zinakaribia. Zikinyesha kabla ya mapipa kuondoka, kilichomo kingeteremka kisimani, na kitongoji kizima kingelazimika kufunga mizigo. Tulihitaji mtu mwenye mapipa. Mwenye nayo angekuwa na pesa ya gari, na hofu ya kumfanya alilete.

Wenyeji hawakumjua. Au tuseme hivi: walikuwa hawapiti pale. Tuliwauliza kisimani, wakatazamana. Mama mmoja akasema wao kuni huokota upande mwingine. Kwa nini? Akasema upande ule hakuna kuni nzuri. Kuni zilikuwa zimejaa, nimeziona kwa macho yangu.

Lakini waliona vumbi la gari, na walilikumbuka kwa siku. Lilikuja siku za mnada, jua likiwa utosini, wakati kitongoji kinabaki na kuku na wagonjwa. Basi siku ya mnada iliyofuata mimi na Shabani tukaenda mapema, tukajificha nyuma ya jiwe moja. Mpango ulikuwa mwepesi. Mimi nina simu. Nisubiri mtu aweke mkono kwenye pipa, nimpige picha. Shabani atoke nyuma yake afunge njia. Hakuna kusema neno mpaka picha iwe imepigwa.

Sijawahi kusikia ukimya kama wa mchana ule. Upepo, ambao Singida haukosekani, ulikuwa umekoma. Mifuko iliyozoea kupepea kwenye miiba ilining'inia imenyooka, yote, kama nguo za watu waliosimama. Niliwatazama wale mbuzi. Bado hakukuwa na nzi. Shabani aliniegemea sikioni.

"Ulibisha hodi?"

Sikuwa nimebisha. Mtu anayevizia habishi hodi. Nikamwambia anyamaze.

Gari lilikuja polepole, namba zimepakwa tope. Akashuka mtu mmoja tu, peke yake, na hapo ndipo mpango wetu ulipopata ufa. Tulikuwa tumetegemea vijana wa kukodiwa. Aliyeshuka alikuwa mzee. Mvi tupu, kofia, koti, fimbo nzuri ya mpingo aliyoiegemeza kwenye gari ili apate mikono miwili ya kubiringishia pipa. Aliliteremsha kwenye ubao, akalisukuma hadi mlangoni mwa mawe. Nikainua simu. Shabani akatoka nyuma ya jiwe kama tulivyopanga, akajikuta uso kwa uso na mtu mwenye umri wa babu yake.

"Shikamoo, mzee," akasema Shabani.

Baadaye nilimuuliza mara nyingi. Kila mara alinijibu lile lile: mdomo haukumuuliza. Umelelewa miaka yote kwamba mzee hapiti bila shikamoo, na hakuna aliyekufundisha kwamba mhalifu ameondolewa.

Yule mzee aliganda. Alifungua kinywa, nadhani naye mdomo wake haukumuuliza, alitaka kuitikia. Lakini hakuwahi.

"Marahaba."

Ilitoka kwenye lundo. Si kwa mzee, yeye alikuwa mbele yetu. Si kwenye gari. Ilitoka katikati ya mawe, nyuma ya mapipa, sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyekaa kwake na kuitikia salamu ya wapita njia. Haikuwa ya kutisha hata kidogo, na hilo ndilo lililonikausha mate.

Mzee aliliacha pipa. Aliingia garini na kurudi kinyumenyume hadi barabarani, fimbo ya mpingo ikiwa imebaki chini. Mimi nilibonyeza simu. Picha ninayo hadi leo: ni mgongo wa Shabani na vumbi.

Tulizunguka mawe yote mawili. Hapakuwa na mtu. Upande wa kisimani lundo lilikuwa limeuziba uwazi, na upande wa barabara tulikuwa tumeuziba sisi. Shabani alishika lile koti lake la mgambo kifuani kama mwanamke aliyetolewa usingizini.

"Twende tukanywe uji," nikamwambia. Tukaenda.

Kisimani tulisimulia, tukijifanya tunacheka. Watu wakacheka nasi, kisha wakaacha, mmoja mmoja. Yule mama wa kuni akatua ndoo. "Sasa mmejua kwa nini," akasema.

Kumpata mzee haikuwa kazi. Nilizunguka maduka ya pembejeo mjini, duka la tatu au la nne nikamkuta ameketi nyuma ya mizani, amenunua fimbo mpya. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Mzee wa Pembejeo. Tukampelekea wito wa kufika kwa mtendaji wa kata. Lakini kumjua mtu si kumshika. Hatukuwa na picha yake, namba, wala karatasi kwenye mapipa, na fimbo aliyoiacha haikuwa na jina. Tulikuwa na neno letu, na yeye alikuwa na lake, na lake lilikuwa limevaa koti.

Siku mbili kabla ya kikao, mwanamke mzee alinifuata ofisini. Bibi Anjela, nyumba yake ni ya mwisho kabla ya mawe, mjane, mtu wa kanisani, amejifunga khanga mbili. Nilimwamkia, akaitikia. Sauti ile ile.

"Nasikia mnamtafuta aliyeitikia," akasema.

"Ni wewe, bibi?"

"Mimi si mzee? Nani mwingine ataitikia shikamoo?" Akakaa kwenye benchi. "Nikitoa ushahidi, mtaniuliza kama nilimwona, nami macho yangu haya mnayaona. Sitaki kuingia ndani. Niwekeeni kiti barazani, chini ya dirisha. Huyo mgambo wako mwenye adabu achelewe kidogo. Akiingia, asalimie kama siku ile."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu siku ya mnada. Basi alikuwa bibi wa watu tu, alikuwa ameinama mahali akitafuta kuni, sisi wajinga hatukutazama vizuri. Nilimwambia Shabani, naye akapumua. Siku hiyo alikula sahani mbili.

Kikaoni Mzee wa Pembejeo alikuwa hodari. Alimsalimia mtendaji kwa kumuuliza hali ya watoto wake kwa majina. Mtendaji wetu alikuwa mama makini, lakini alikuwa na kesi nyingine za kungoja, na mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Mungaa. Sote tuliyaona dirishani.

"Mama mtendaji," akasema mzee, "siku ya mnada mtu yuko wapi? Mnadani. Muulize yeyote."

"Huyu anasema alikuona Mawe Mapacha."

"Huyu kijana anakohoa, mwenye kukohoa macho yanatoa machozi. Kwani mapipa yana jina langu? Yameniita baba?"

Wajumbe wakacheka. Mimi pia karibu nicheke, alisema vizuri. Mtendaji alifunga jalada, akanitazama kwa huruma ambayo kila mmoja wenu ataijua, ile ya kusema najua unachokisema ni kweli, sasa nikusaidieje.

Hapo mlango ukafunguliwa, Shabani akaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

Na kabla mzee hajafungua kinywa, chini ya dirisha:

"Marahaba."

Kikombe cha chai kilimwanguka Mzee wa Pembejeo mapajani. Hakukiona. Hakutazama dirishani sauti ilikotoka. Alitazama sakafuni, katikati ya miguu yake, kama mtu anayehofia kuona lundo linaota pale.

"Si yote ni yangu," akasema. "Mapipa ya mwanzo niliyakuta. Wallahi niliyakuta pale pale. Kibao chenyewe kinaomba."

Mtendaji aliweka kalamu chini. Hakuna aliyekuwa ametaja kibao. Hakuna aliyekuwa amemwambia mzee kuhusu sauti. Shahidi hakumtambua mshtakiwa, mshtakiwa ndiye aliyemtambua shahidi. Mtendaji aliniuliza baadaye hilo linaandikwaje kwenye muhtasari. Nikamwambia aandike mzee amekubali kuyaondoa, basi.

Na aliyaondoa. Alikodi gari lenye boksi la kuziba na wataalamu waliovaa kama wafuga nyuki, mapipa yote, yake na yale aliyoyakuta, na udongo wa chini yake tukauchimba na kuupakia pia. Yeye mwenyewe alikaa barabarani, hakusogea. Siku ya tatu baada ya gari kuondoka mvua ilinyesha, mvua ya kwanza, ile inayonukia vumbi. Nilikaa dirishani nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza mlango wa chumba cha mgonjwa.

Maji ya kisima yalipimwa, yakaonekana mazima. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia. Nilimkuta Bibi Anjela anachota, nikamsaidia kujitwisha ndoo, nikamshukuru. Nikamwambia siku ile ya mnada alituharibia mpango kisha akautengeneza.

Alinitazama chini ya ndoo.

"Siku ya mnada? Siku ile sikuwapo, baba. Nilikuwa Mungaa, binti yangu alikuwa amejifungua. Nilirudi nikakuta habari hapa kisimani."

"Lakini ulisema ni wewe."

"Nilikuuliza mimi si mzee. Ukajibu mwenyewe kichwani." Akarekebisha kata yake chini ya ndoo, maji hayakumwagika hata tone. "Kisima ni chetu. Walisema sauti ilikuwa ya mwanamke, nikafikiri sauti za wazee ni moja. Ningekaa kimya mpaka tunywe sumu?"

Nikamfuata hatua mbili.

"Basi, bibi, siku ile nani aliitikia?"

"Si aliyesalimiwa," akasema, kama mtu anayemweleza mtoto, akashika njia ya kwake. Sikumwelewa upesi kama alikuwa anakataa au anajibu.

Shabani sikumwambia. Mwache ale sahani mbili.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Makoleo mnayajua, sheria mtazisoma, na watu watawadanganya bila msaada wangu. Mzee Ntandu alistaafu akarudi kwao kabla sijapata kumuuliza alikuwa anambishia hodi nani hasa. Kibao tulikipaka rangi upya, na nilipopita juzi upepo ulikuwa umeshaanza kazi yake: U na S zimekwisha, I imebaki nusu.

Pale pasafi bado. Nikifika mbele ya yale mawe mawili napunguza mwendo, nasema shikamoo, maana adabu ni adabu. Kisha nakanyaga pedeli kwa nguvu zote za kifua nilichobakiwa nacho, niwe nimeshafika mbali kabla ya kuitikiwa.